Msafara wa Pikipiki Ulioishia Kwenye Mlingoti wa Bendera

Juma na Salim, leo nimevuliwa nguo mbele ya bendera ya taifa. (Nguo nilikuwa nimevaa. Mnanielewa.)

Nawaandikia nikiwa ndani ya stoo ya ngozi, mlango nimeufunga, na kila anayepita nje ananguruma kama injini. Watu wazima! Wengine wana wajukuu! Basi acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa dereva wa lori huko Mombasa, kwa sababu yule atatia chumvi, na kisa hiki hakihitaji hata chembe.

Habiba mnamjua kwa barua zangu. Watu wake walikuwa hapa Garissa, na ilipotangazwa hali ya hatari baba yake akafunga mizigo, akavuka mpaka, akahamia Kismayu kwa ndugu zake. Uchumba hakuuvunja. Alituma neno tu kwamba wazee wangu waje huko wamalize jambo hili kabla ya mwezi kuandama. Wasipokuja, kuna mtu Kismayu ana lori lake mwenyewe naye anangoja zamu. Lori! Na mimi ni karani wa ngozi za mbuzi. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, nawaambia kweli. Msichana huyu nampenda, na mwezi hauna simile.

Sasa niungame jambo moja. Niliwahi kumwandikia Habiba kwamba nina pikipiki. Hilo ni kweli tupu. Niliinunua kwa mhandisi mmoja Mzungu wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Nilichosahau kumwandikia ni kwamba sijui kuiendesha. Miezi sita nimekuwa nikiisukuma kutoka nyumbani mpaka kazini, na kutoka kazini mpaka nyumbani. Mtu akiniuliza, namwambia nabana mafuta. Siku hizi mafuta ni adimu, kwa hiyo watu walinipa heshima kama mtu mwenye busara.

Basi nikapata wazo. (Mungu aniepushe na mawazo yangu.) Tusiende Kismayu kinyonge. Twende kwa pikipiki, tatu kwa mpigo, vumbi nyuma yetu, huyo mwenye lori atutazame!

Dahir akakubali papo hapo. Dahir ni fundi, ana pikipiki ya Mtaliano iliyobaki tangu vita vya Wazungu, ile yenye kitoroli ubavuni, ameiunga kwa waya na dua. Mutua naye akakubali. Huyu ni mtu wa Machakos, anachanja ng'ombe wa serikali, na pikipiki ya serikali anayo. Kwenye kitoroli tungempakia Abti Guled, ndugu ya mama yangu, kwa sababu vijana watatu wakitokea kwa watu na pikipiki bila mzee hawajaja kuposa, wamekuja kuteka.

Alasiri tatu mfululizo tulikutana humu stooni. Nikachora ramani nyuma ya kalenda kuukuu: Garissa, Liboi, mpaka, Afmadow, Kismayu, na kila kisima nikakitia duara. Tukakusanya petroli kidogo kidogo mpaka madebe sita. Tukagawana mizigo: Dahir viraka na pampu, Mutua maji, mimi tende, majani ya chai na halua ya mama mkwe. Mutua akasema, "Yusuf ndiye bwana harusi, awe kiongozi. Atangulie mbele."

"Bila shaka," nikajibu. (Mpango wangu ulikuwa nijifunze njiani. Naam. Njiani, kwenye mchanga, kuelekea mpaka wenye wanajeshi. Msiniulize.)

Kibali ndicho kilichobaki. Siku hizi hapa huendi popote bila karatasi, na mpakani ndiyo usiseme. Nikawaambia wenzangu kwamba ofisi haitatoa kibali cha harusi, lakini biashara labda. Kwa hiyo kwenye fomu, mahali palipoandikwa "shughuli", nikajaza: kukagua ngozi. Nikawaapisha wote wafunge midomo. Abti Guled aliweka mkono kifuani akasema wallahi, hatamwendea mtu hata mmoja kumwambia.

Na hakumwendea mtu. Hapo ndipo pa kukasirisha!

Ninyi wa pwani mkiulizwa habari mnasema "njema" mnapita. Kwetu habari si hivyo. Mtu akikutana nawe njiani, hata kama humjui, anakuuliza habari na wewe unampa, yote, mpaka mwisho. Mvua imenyesha wapi, kisima kipi kina maji, nani kaoa, nani anasafiri, anakwenda kwa shughuli gani. Kisha na yeye anakupa zake. Ndiyo gazeti letu. Mfugaji akificha habari, mwenzake anaweza kupeleka ngamia mia kwenye kisima kikavu. Kwa mzee wa rika la Abti, kutoa habari nusu ni kama kumnyima mgeni maji. Mimi mtoto wa nyumba ile, niliyelelewa na mkono ule, nikasahau kabisa kumwambia: Abti, na ukiulizwa?

Sasa ya leo.

Alfajiri, kabla mtu hajatoka, niliisukuma pikipiki yangu mpaka uwanja wa ofisi ya vibali nikaiegesha karibu na mlingoti, ili watu wakija waone nimefika nayo. Nikamimina petroli kikombe kimoja cha chai kwenye tangi, ipate kunukia safari. Nikavaa kofia ya ngozi na miwani ya vumbi niliyoazima kwa Mutua. Joto la Garissa mnalijua. Saa mbili jasho lilikuwa limejaa ndani ya miwani, ila nilikataa kuivua.

Saa tatu tukaitwa ndani wote wanne. Ofisa wa vibali ni mgeni hapa, mtu wa bara, mpole, ana sauti ya chini. Sauti ya chini mimi naiogopa kuliko kelele. Akaisoma fomu yangu polepole.

"Bwana Yusuf, unakwenda Kismayu kwa ajili ya ngozi."

"Ndiyo, bwana."

"Ngozi za nini?"

"Za... ng'ombe, bwana."

Nyuma yangu Mutua akakohoa.

"Kwa pikipiki tatu."

"Ndiyo, bwana."

"Na mzee ndani ya kitoroli."

Kitoroli sikukiandika mahali popote.

"Na halua," akaendelea ofisa, bila kuinua macho. "Halua ya nini, Bwana Yusuf? Ya ng'ombe?"

Nikageuka kumtazama Abti Guled. Yeye alikuwa anatazama dari, ametulia kama mtu aliyekwisha kuswali.

Ofisa akaiweka fomu chini. "Nilikuwa na ripoti mezani jana asubuhi. Vijana watatu. Pikipiki tatu. Madebe sita ya petroli. Ramani yenye visima mpaka ng'ambo. Mikutano kwenye stoo iliyofungwa. Wewe ni karani, unajua kusoma. Siku hizi, ripoti hiyo inasomekaje?"

Ndugu zangu, sikuwa nimeliwaza. Wallahi sikuwaza. Miezi yote hii tunasikia habari za mapigano msituni, watu wanakamatwa kwa kukutwa na mafuta ya taa tu, na mimi nachora maduara kwenye kalenda! Dahir nilimsikia anavuta pumzi bila kuitoa.

"Gari la askari lilikuwa lije kuwachukua usiku wa jana saa nane," akasema ofisa. "Ndipo sajenti akaniambia: hapana, bwana, hao ni watu wa posa."

Sajenti alikuwa amesimama mlangoni. Ni dubas, askari wa kienyeji wale wa kilemba chekundu. Akamwinamia Abti kichwa kwa adabu, na Abti naye akainama.

"Abti," nikasema kwa meno, "uliapa."

Abti akajibu kwa Kiswahili chake, ambacho kila "p" ni "b", ili na ofisa asikie. "Mimi abana kwenda kwa mtu. Sajenti alinikuta mtoni, akaniuliza habari. Wewe nataka mimi nimbe nusu?"

"Ungempa ya mvua!"

"Mvua nilimba. Akauliza na ya nyumbani."

Ofisa akavua miwani yake akaanza kuifuta. Nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza.

"Kuna jambo moja zaidi sajenti aliniambia, nami nikakataa kuliamini. Kwamba kiongozi wa msafara huu hajui kuendesha pikipiki."

Dahir akanitazama. Mutua akanitazama. Hapo, jamani, mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa. Ningesema "kweli, bwana," tungecheka, yangeisha. Lakini nilikuwa nimevaa miwani ya vumbi. Mtu akivaa miwani ya vumbi akili inapungua.

"Huo ni uzushi, bwana!"

"Vizuri," akasema ofisa. "Twende nje."

Nje walikuwepo watu waliokuja kuomba vibali, wamekaa chini kwenye kivuli cha ukuta tangu asubuhi, labda arobaini, wazee watupu na fimbo zao. Katikati ya uwanja pana mlingoti wa bendera, umezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Chini ya mlingoti dubas mmoja kijana anaulinda.

"Zunguka bendera mara moja tu," akasema ofisa, "kisha usimame hapa mbele yangu."

Nikapanda. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga ya pili, nikapiga ya tatu, kofia ikanishukia machoni. Wazee wakasogea mbele kidogo. Dahir akaja, akainama sikioni mwangu. "Fungua koki ya mafuta, ewe." Sikujua iko wapi. Akaifungua yeye, akanitia gia, akaniwekea vidole kwenye klachi, akanong'ona kwa uchungu wa kweli, "Yusuf, miezi sita?"

Nikapiga kiki. Ikalia! Nikaachia klachi.

Ilitoka kama punda aliyeumwa na nyuki. Lakini sikuanguka! Nikaizungusha, ikazungukia mawe ya chokaa, nikapita mbele ya wazee, nao wakasema kwa pamoja, "Mashallah!" Nawaambia, kwa mzunguko ule mmoja nilikuwa mwanamume. Habiba angeniona angemsahau mwenye lori.

Kisha nikafika mbele ya ofisa, na nikapita.

"Simama!" akasema.

Kusimama sikuwa nimefundishwa. Kadiri nilivyoogopa ndivyo mkono ulivyoikaza ile hendeli ya mafuta, na kadiri nilivyoikaza ndivyo pikipiki ilivyozidi kwenda. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Yule dubas wa mlingoti hakujua afanye nini, akawa anageuka na mimi, bunduki begani, uso kwangu, kama feni.

"Breki!" akapiga kelele Dahir.

Nikawa nimeshapita. Nikangoja mpaka nimerudi.

"Ipi?"

Nikapita. Nikarudi.

"Ya mguu!"

Nikainua miguu yote miwili. (Nilidhani ananiambia kuna hatari ya mguu.) Wazee wakaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kisomali, kama wanaohesabu ngamia wakitoka zizini. Ofisa akashuka barazani, akasimama kando ya njia yangu mikono nyuma. Na hapo, Mungu wangu, akaendelea na mahojiano!

"Bwana Yusuf, ni ngozi?"

Nikapita. Nikazunguka. Nikarudi.

"Si ngozi, bwana!"

Nikazunguka.

"Ni nini, basi?"

Nikazunguka tena, machozi na jasho vimejaa ndani ya miwani, sioni mbele.

"Ni mke! Naomba kibali cha mke!"

Uwanja mzima ukalipuka. Mzee mmoja alilala chali kabisa, fimbo juu. Nilipozunguka tena ofisa akaniuliza jina lake nani, nami nikamjibu kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Habiba!" na wazee arobaini wakaitikia, "Habiba!" Tangu hapo kila nilipopita walilitaja. Jina la binti wa watu! Mbele ya serikali!

Kikombe kile cha petroli kikaisha kwenye mzunguko wa kumi na saba. Injini ikakohoa, ikanyamaza, pikipiki ikalala ubavu taratibu, nami nikalala nayo, kichwa juu ya mawe ya chokaa. Nilipoinuka nusu ya uso wangu ilikuwa nyeupe. Hata Mutua, rafiki yangu Mutua, alikuwa ameegemea ukuta anapiga ukuta kofi.

Aliyekuja kuniinua ni Abti Guled. Hakucheka. Akanipangusa chokaa kwa ncha ya kilemba chake, akasema polepole kwa lugha yetu, "Abti" (kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo wote wawili), "mimi simposei mpanda pikipiki. Namposea mpwa wangu."

Nilitaka kumkasirikia. Nawaambia ukweli, nilitaka sana. Lakini bila ule mdomo wake usiozuilika, sasa hivi ningekuwa naandika barua hii kwenye ukuta wa selo. Hata hasira yangu mwenyewe wameninyang'anya!

Ofisa alipomaliza kufuta macho akaturudisha ndani. Pikipiki hazitoki Garissa, akasema, hata moja. Mutua arudi kwa ng'ombe wake na pikipiki ya serikali isiguse tena mambo ya posa. Petroli yote ikabidhiwe. Kesho kuna malori yanakwenda Liboi na walinzi, na kibali cha kupanda akamwandikia Mzee Guled, na Dahir wa kumsindikiza.

"Na mimi, bwana?"

"Wewe karatasi yako ina uongo," akasema, wala hakusema kwa ubaya. "Mtu akiandika ngozi mahali pa mke, nikimtuma mpakani wakubwa wangu nitawajibu nini? Wewe utabaki."

"Lakini mimi ndiye bwana harusi!"

Ofisa akamtazama Abti. Abti akainua mabega.

"Bwana harusi si lazima," akasema Abti. "Kadhi aandike wakala, mimi nashika nafasi yake. Yeye kaa hapa, bumzika."

Bumzika! Yaani nipumzike! Msafara nimeupanga mimi, ramani nimechora mimi, halua nimenunua mimi, mke ni wangu, na mtu pekee asiyehitajika ni mimi!

Adhuhuri tukaenda kwa kadhi, nikatia sahihi, chokaa ikiwa bado sikioni. Abti ameshafunga mzigo wake: kilemba kipya, Kurani, halua. Dahir amekwishaninunia, kisha amekwishanisamehe. Jioni hii nilimwendea Abti kwa unyenyekevu nikamwomba, wakifika kwa baba yake Habiba na kuulizwa habari zangu, aseme tu mimi ni mzima na nimetuma salamu.

"Nitasema hayo," akaniambia.

"Na ya bendera?"

Alinishangaa kabisa, kama nimemwomba aibe. "Abti, wataniuliza habari. Hiyo ndiyo habari."

"Mtu wa namna hiyo watamnyima binti yao!"

Akafikiri. Akafikiri sana, mpaka nikapata matumaini. Kisha akasema, "Mwenye lori hajawahi kuzunguka bendera mara kumi na saba mbele ya serikali kwa ajili ya Habiba. Hilo nitalisema kwanza."

Nimekuja humu stooni nimejifungia na ngozi zangu, walau hizi hazina midomo. Inshallah nikah ni Ijumaa baada ya swala, Kismayu, mimi nikiwa hapa nakagua ngozi kama fomu ilivyosema.

Basi ndugu zangu, nawasihi kwa urafiki wetu wa tangu shule, msinicheke. Na posta ya siku hizi inavyokwenda, barua hii itawafikia Ijumaa imeshapita, kwa hiyo mkicheka mjue mnamcheka mume wa mtu.